Uso Ulioungua Una Haki ya Ndevu Zake

Mazungumzo yetu ya leo ni ya ndevu. Usicheke kwanza. Nazungumzia ndevu za mtu ambaye moto ulimpitia usoni, na nyusi za dada ambaye koroboi ilimlipukia akiwa bado msichana wa shule. Mtu wa namna hiyo akifika hospitalini akasema, "Daktari, jicho langu halifungi," anasikilizwa. Siku akirudi na kusema, "Daktari, nataka ndevu zangu," anatazamwa kama mtu aliyekosa kazi. Mimi nasema ana haki ya kusikilizwa siku zote mbili, ila kila ombi lina zamu yake. Tukielewa kwa nini lina zamu, tutajua pia nini cha kudai na nini cha kusubiri.

Tuanze na chanzo. Huku kwetu Embu na Meru moto wa usoni hautoki mbali. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya mlima ikishika Timau, Kibirichia na Manyatta, jiko la makaa huingizwa chumbani. Koroboi bado zinawashwa kwenye nyumba ambazo stima haijafika, na kuna anayeongeza mafuta taa ikiwa inawaka. Petroli inauzwa kwa chupa kando ya barabara, na chupa hiyo hulala ndani ya nyumba hiyo hiyo yenye jiko. Birika la chai liko kwenye mafiga na mtoto anatambaa kando. Mgonjwa wa kifafa huanguka motoni wakati hakuna mtu wa kumvuta. Tena tuna barabara yetu ya Embu kwenda Meru na kona zake, ambako abiria wa boda boda asiye na kofia akianguka, lami humkwangua shavu mpaka mfupa. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia pale Daraja la Nithi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Hao tuliwalia nchi nzima. Lakini wanaotoka hai kwenye ajali na kwenye moto, wakarudi nyumbani na nyuso zilizobadilika, hao tunawakwepa macho sokoni na mazungumzo yao hatuyafungui.

Kabla ya daktari yeyote, uko wewe uliye karibu. Mtu akiungua, mtoe kwenye moto, mvue saa, pete na nguo zisizogandamana na ngozi, kisha mimina maji safi ya kawaida juu ya palipoungua kwa dakika 20. Dakika 20 kwa saa, si kwa kukisia. Joto huendelea kuipika ngozi hata baada ya moto kuzimwa, na maji ndiyo yanayolikatiza. Hata kama umechelewa kidogo, maji hayo yanasaidia ndani ya saa 3 za mwanzo. Usiweke barafu, dawa ya meno, yai, unga, mafuta ya kupikia wala samadi. Vitu hivyo havitoi joto, na vingine hupeleka vijidudu moja kwa moja kwenye kidonda. Ukimaliza, mfunike mgonjwa kwa kitambaa safi, mkinge na baridi, mpeleke hospitali.

Sasa nikueleze kwa nini dakika hizo zinahusu ndevu. Ngozi ina ganda la juu, jembamba sana, na chini yake tabaka nene lenye mishipa ya damu, neva za hisia na tezi za jasho. Mzizi wa unywele umezama kwenye tabaka hilo la chini, na mizizi ya ndevu za mwanamume huzama zaidi. Kila mzizi umevikwa chembe zile zile zinazotengeneza ganda la juu. Moto ukila ganda lakini mizizi ikasalia, chembe hizo hupanda juu na kutandaa mpaka zikutane na za mzizi wa jirani. Hiyo ndiyo ngozi mpya. Kwa sababu hiyo, mashavu na kidevu cha mwanamume mwenye ndevu mara nyingi hupona vizuri kuliko sehemu zisizo na nywele, hata pale ambapo ndugu walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Daktari mwenye uzoefu hana haraka ya kukwangua uso ulioungua. Atauosha, ataupaka dawa, na mara nyingi atangoja siku 10 hadi 14 aone ni kipi kilichosalia. Kidonda ambacho hakijafunga baada ya wiki 3, kwa kawaida, kitaacha kovu nene. Hapo ndipo habari ya kupandikiza ngozi inapoanza.

Upandikizaji wa kawaida zaidi ni ule wa ngozi nyembamba. Daktari anachukua kisu kirefu chenye kipimo cha unene, au mashine ndogo, na kukata ukanda wa ngozi pajani usiofika nusu milimita. Paja lenyewe halihitaji kushonwa. Litapona kwa wiki mbili hivi, kwa sababu mizizi ya vinyweleo imebaki pale pale na itafanya kazi niliyoieleza. Ukanda huo hulazwa juu ya kidonda kilichosafishwa. Siku ya kwanza na ya pili hauna mshipa wowote wa kuulisha, unaishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda. Kufikia siku ya tatu mishipa midogo ya chini huanza kuungana nao. Katika siku hizo damu kidogo tu ikikusanyika chini yake, au usaha, au mgonjwa akitafuna na kucheka sana, ngozi inang'oka na kufa. Kwa hiyo ukimwona mgonjwa wa namna hiyo wodini hazungumzi na anakunywa uji kwa mrija, usidhani amekasirika. Anatii amri.

Siku ya tano hivi bendeji inafunguliwa. Muuguzi huilowesha kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali, anaivua polepole kuanzia pembeni, akishikilia ngozi chini kwa upande wa pili ili isivutwe. Kila mtu chumbani anatazama rangi. Kipande kikiwa cha waridi na kimeshika chini, kimepata damu. Kikiwa cha zambarau, kinapewa siku chache. Kikiwa cheusi na kinateleza, kimekufa, na kazi itarudiwa. Hakuna mashine ya kifahari inayotoa uamuzi huo, ni macho na kidole chenye glavu.

Mwilini, ngozi hiyo inaweza kupitishwa kwenye mashine ya kuitoboa wavu ili itandae zaidi. Mbinu hiyo ilienea baada ya mwaka 1964 na imeokoa walioungua sehemu kubwa. Usoni haipendwi, kwa maana alama za wavu hazifutiki. Usoni pia madaktari hupenda ngozi nzima, yaani tabaka zote mbili, inayochukuliwa nyuma ya sikio au juu ya mtulinga, kwa kuwa rangi yake inakaribiana na ya uso na haijikunji sana. Daktari John Wolfe wa Glasgow aliandika juu ya kutengeneza kope kwa njia hiyo mwaka 1875, na hadi leo kope hutengenezwa hivyo. Tatizo ni kwamba nyuma ya sikio pana ngozi kidogo. Haitoshi shavu zima.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukata tamaa bila kujua. Ngozi nyembamba ya pajani haina mizizi ya nywele. Mizizi ilibaki pajani. Ukipandikiziwa kidevuni, utakuwa na ngozi safi lakini hutaota ndevu humo hata ungoje miaka 20, na mafuta ya kuoteshea yanayouzwa madukani hayatabadilisha kitu. Mkulima wa makadamia na avokado hapa Embu na Meru ataelewa upesi. Ukipandikiza kijiti cha Hass juu ya shina la avokado ya kienyeji, tunda litatoka Hass. Shina linalisha, lakini kijiti ndicho kinachoamua. Ngozi na nywele hufuata sheria hiyo hiyo: kinachohamishwa hubaki na tabia ya kilikotoka. Unywele wa kisogoni ukihamishiwa kwenye nyusi utaendelea kurefuka kwa kasi ya kichwani, karibu sentimita moja kwa mwezi, na mwenyewe atalazimika kupunguza nyusi zake kwa mkasi maisha yake yote. Kwa hiyo anayetaka ndevu sharti aazime ngozi inayoota nywele, au aazime mizizi yenyewe.

Njia ya kwanza ni kuazima ngozi ya kichwa yenye nywele. Weka kidole chako mbele ya tundu la sikio, juu kidogo ya taya. Tulia. Unasikia kitu kinadunda? Huo ni mshipa unaopanda kulisha ngozi ya kichwa upande wa panja. Daktari anaweza kukata kipande cha ngozi ya kichwa chenye nywele zake, akakiacha kikiwa kimeshikana na mshipa huo, akakigeuza mpaka kwenye mdomo wa juu au shavuni. Kwa kuwa hakikukatwa damu yake, kipande hicho hakianzi kwa njaa kama ile ngozi ya pajani. Kinakuja mezani kimekwisha kula. Wakati mwingine mkono wa ngozi unaokibeba huachwa ukining'inia upande wa uso kwa wiki 3 hivi, mpaka mahali papya pameshika, ndipo ukatwe na sehemu isiyotumika irudishwe kichwani. Wiki hizo 3 mgonjwa anatisha watoto, tusidanganyane. Baadaye anakuwa na masharubu yanayofunika kovu la mdomo kuliko poda yoyote.

Njia ya pili ni ngozi ya chini ya kidevu. Kwa mwanamume ngozi hiyo ina ndevu tayari, ina mshipa wake, na rangi yake ni ya uso. Madaktari wa Ufaransa waliieleza mwaka 1993, na imependwa katika nchi zetu kwa sababu haihitaji darubini wala vifaa vya gharama. Kovu linabaki chini ya taya, mahali pa kivuli. Lakini kama shingo nayo iliungua, njia hiyo imefungwa.

Njia ya tatu ni kuhamisha kipande kutoka mbali, mishipa ikakatwa na kuunganishwa upya chini ya darubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kenya ina watu wanaoiweza kazi hiyo ya mishipa midogo. Mapema mwaka 2018 Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iliunganisha tena mkono wa kijana wa miaka 17 uliokuwa umekatwa kabisa na mashine ya kukatia ng'ombe nyasi. Nani huku kwetu hana jirani mwenye mashine hiyo? Utaalamu ulio kwenye vidole vya madaktari wale ni huo huo unaohamisha ngozi kuja usoni. Wako wachache na foleni yao ni ndefu, lakini wapo.

Njia ya nne ndiyo inayotangazwa mitandaoni: kuhamisha mzizi mmoja mmoja. Mizizi inatolewa kisogoni na kupandwa juu ya kovu, tundu kwa tundu. Nyusi moja inaweza kula mizizi mia mbili au mia tatu. Ndevu zote, zaidi ya 2,000. Kila unywele upandwe ukielekea upande wake: wa masharubu uangalie chini na pembeni, wa shavuni ulale karibu na ngozi. Ukisimamishwa wima, uso utaonekana umechomekwa miiba. Nywele zetu sisi Waafrika zina ugumu wa ziada, kwa sababu mzizi wenyewe umepinda chini ya ngozi, na daktari asiyezoea ataukata katikati akidhani umenyooka. Kovu nalo lina damu kidogo kuliko ngozi isiyoungua, kwa hiyo mizizi michache hushika. Daktari makini hupanda kidogo kwanza kwa majaribio, na pengine kabla ya hapo huchoma sindano za mafuta yaliyotolewa tumboni mwa mgonjwa mwenyewe ili kulainisha kovu. Nywele zilizopandwa huanguka ndani ya wiki chache. Usilie. Mizizi imelala. Mwezi wa tatu au wa nne zinaanza kuchomoza, na hesabu kamili inafanywa baada ya mwaka mmoja.

Hapa nina hoja na wale wanaoita kazi hii urembo. Mbinu hii haikuanzishwa kwa ajili ya matajiri wenye upara. Mwaka 1939 daktari wa ngozi wa Japani, Shoji Okuda, alieleza jinsi alivyokuwa akihamisha vijiduara vidogo vya ngozi yenye nywele kurudisha nywele kwa wagonjwa waliozipoteza, kichwani, kwenye nyusi na juu ya mdomo, wakiwemo walioungua. Vita vikafunika maandishi yake. Miaka 20 baadaye, mwaka 1959, Norman Orentreich wa New York aliandika juu ya upara, na ndipo biashara ilipoanza. Kwa hiyo mwenye kovu hakuja kudandia gari la wenye upara. Yeye ndiye aliyekuwa abiria wa kwanza.

Na sisi Afrika Mashariki tuna deni la pekee kwa upasuaji wa nyuso zilizoungua. Katika Vita Vikuu vya Pili, daktari Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, alitibu marubani walioungua ndani ya ndege, katika hospitali ya mji mdogo wa East Grinstead huko Uingereza. Wagonjwa wake walianzisha chama chao mwaka 1941, na vita vilipokwisha kilikuwa na wanachama 649. McIndoe aliona kwamba kumshona mtu kope halafu kumfungia ndani ni kazi nusu. Aliwaambia watoke, waingie mabaa, madukani na kwenye sinema wakiwa katikati ya matibabu, wengine ngozi ikiwa bado inaning'inia. Aliwaomba wenyeji wasiwakodolee macho wala wasigeuze nyuso. Wenyeji wakakubali, na mji ule ukapata sifa ya mji usiokodoa macho. Daktari huyo huyo, pamoja na Michael Wood aliyekuwa mpasuaji hapa Kenya na Thomas Rees wa Marekani, ndio walioanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege, ambayo leo tunaiita Amref. Wazo lao lilikuwa kwamba mgonjwa aliye mbali na Nairobi, mwenye kovu au mdomo sungura, afuatwe huko aliko. Shirika kubwa la afya la Kiafrika unalolisikia kila siku lilizaliwa mikononi mwa wapasuaji wa nyuso.

Basi mwenye bima akikuandikia kwamba kurudisha nyusi zilizoungua ni urembo na haulipiwi, muulize: mguu wa bandia ni urembo? Jino la mbele ni urembo? Nyusi huzuia jasho lisiingie machoni, na ndizo zinazomwonyesha mwenzako kama umekasirika au unatania. Ndevu kwa mwanamume wa huku ni umri wake na heshima yake. Picha ya Mzee Jomo Kenyatta haikuhitaji jina chini yake, ndevu zilitosha. Mzee anayekaa baraza na wenzake, wote wana mvi kidevuni isipokuwa yeye mwenye kovu linalong'aa, anajua anachokosa hata asipokitaja.

Nimesema ana haki. Nimesema pia kuna zamu, na hapo sitambembeleza mtu. Kwanza kope. Kovu la uso hujikunja, linavuta kope ya chini, jicho linalala wazi usiku, kioo chake kinakauka na mtu anapofuka. Hilo halingoji kovu liive. Pili mdomo, ili mtu ale na asidondoshe mate. Tatu shingo, kwani kidevu kikishikana na kifua, hata wa kumpa dawa ya usingizi atahangaika kumtia mpira wa kupumulia. Pua na masikio hufuata. Nyusi na ndevu huja mwisho, mara nyingi baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kovu likiwa limetulia, limepoteza wekundu na kulainika. Katika kipindi hicho kuna kazi ya nyumbani: kulikanda kovu kwa mafuta ya mgando mara kadhaa kwa siku, kuvaa nguo ya kubana aliyoelekeza daktari, kufungua mdomo na kugeuza shingo kwa mazoezi hata kama inauma, na kujikinga na jua la mchana. Anayeruka kazi hiyo anakwenda theatre kurekebishiwa ambacho mikono yake ingezuia.

Na kuna jambo moja la kuuliza ukoo kabla ya kisu. Je, nyumbani kwenu kuna watu ambao kidonda kidogo huvimba na kuwa kovu gumu lisiloacha kukua? Keloidi hizo hutupata sisi Waafrika kuliko watu wengi, na sehemu za taya, sikio na kisogo ndizo zinazopenda. Mwambie daktari mapema, kwa sababu mahali atakapoazimia ngozi panaweza kuota keloidi mpya. Vijana wenye vipele vya ndevu vinavyogeuka uvimbe wa kudumu, nanyi nisikieni: acheni wembe unaokata chini kabisa, mwambieni kinyozi aache urefu kidogo na asafishe mashine. Na keloidi isikatwe tu na kuachwa. Ikikatwa bila sindano za kuifuata, au tiba nyingine ya kuizuia, mara nyingi hurudi, tena kubwa kuliko ya kwanza.

Utaanzia wapi? Anzia karibu. Tuna hospitali za rufaa za Embu na Meru. Tuna Chogoria ya PCEA, iliyoanza mwaka 1922, tuna Consolata Nkubu, tuna Methodist ya Maua. Kupandikiza ngozi nyembamba ni kazi ambayo mpasuaji wa kawaida amefundishwa. Kwa kope, mdomo na ngozi yenye nywele, omba barua ya rufaa kwa mtaalamu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na usitoke bila jina la kliniki na siku yake, maana barua isiyo na siku hulala kabatini. Mtaalamu ukimpata, muulize maswali manne. Utachukua ngozi wapi, na patabaki na kovu gani? Je, itaota nywele? Ni upasuaji mara ngapi, na katikati nitapumzika muda gani? Umewahi kumfanyia mtu mwenye ngozi na nywele kama zangu? Kabla ya kumlipa mtu wa kliniki ya mtandaoni, angalia kama jina lake limo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Mwenye saluni si mpasuaji, hata akivaa koti jeupe.

Kwa kaunti zetu ombi langu ni dogo. Nairobi iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Meru mjini, na mgonjwa wa uso haendi mara moja, anakwenda mara tano, mara nane, kila mara na mtu wa kumsindikiza. Nauli ndiyo inayomaliza matibabu katikati, zaidi ya hofu ya kisu. Kliniki ya mtaalamu inayokuja Embu na Meru kwa siku inayojulikana kila mwezi itaokoa macho ya watu wengi. Na mfanyakazi mmoja wa mazoezi ya viungo anayejua makovu, akiwekwa katika kila hospitali ya rufaa, atapunguza idadi ya wanaohitaji kisu.

Wewe uliyeficha kovu lako chini ya kofia na shali kwa miaka 10, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kovu la zamani halijakufungia mlango. La zamani na lililotulia mara nyingi ni rahisi kulishughulikia kuliko la jana. Jumatatu nenda kliniki ya upasuaji iliyo karibu nawe, vua hiyo kofia mbele ya daktari, useme yote mawili: jicho linalokusumbua na ndevu unazozitaka. Akikucheka kwa lile la pili, omba mwingine.